Kosa la Jua, Lawama kwa Mama

Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka 2022, yapata saa tisa za alasiri, nilipoitwa kutoka darasani na kuarifiwa kwamba mke wangu ameshikwa na uchungu akiwa njiani. Alikuwa akirejea kutoka kwenye kioski cha maji, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, huku bara ya Kilifi, maana bwawa la kijiji lilikuwa limekauka na kubakiza tope lililopasukapasuka. Kwa hesabu ya kadi yake ya kliniki, mimba ilikuwa ya majuma 32. Siku zake zilikuwa bado takriban miezi miwili. Usiku ule ule akajifungua mtoto wa kiume mwenye uzani wa kilo moja na gramu mia sita, aliyelia kwa sauti nyembamba kama ya paka mchanga.

Kabla jua la siku ya pili halijapanda, hukumu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Shangazi yangu mmoja alisema ni jicho. Jirani akasema kwamba mkaza mwana huyu ni mkaidi, haambiliki, na tangu mwanzo alikataa kufungwa hirizi. Mama yangu mzazi, ambaye namheshimu na ambaye alizaa watoto saba, alisema kwa upole kwamba wanawake wa siku hizi miili yao ni legevu. Wao walichota maji hadi siku ya kujifungua na hakuna lililowapata. (Baadaye nilikuja kukumbuka kwamba kati ya hao saba, wawili hatukuwahi kuwaona.) Hata katika ofisi ya walimu, mahali pa watu waliosoma, nilimsikia mwenzangu akiuliza huyo mama alikuwa amekula nini. Kila mtu alikuwa na shtaka lake, na mashtaka yote yalikuwa na mshtakiwa mmoja. Hakuna aliyelitaja jua.

Nami nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu ambayo sikumwambia mtu mwaka ule, na naiandika hapa kwa mara ya kwanza. Mke wangu alipokuwa akitembea katika jua lile na mtungi wa lita 20 kichwani, baiskeli yangu ilikuwa imeegeshwa ukutani, nje ya ofisi ya walimu, kivulini. Ningaliweza kwenda kuyaleta maji yale alfajiri kabla ya kengele. Sikuenda, kwa kuwa kwetu mwanamume anayeonekana na mtungi wa maji huulizwa kama mkewe amemkalia. Niliogopa kuchekwa. Basi.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 20 nimesimama mbele ya ubao nikifundisha pepo za kaskazi na kusi, unyevu wa hewa, vipimajoto na namna ya kuchora grafu ya mvua na joto. Wanafunzi wangu wanaweza kukwambia kwamba pwani hupata joto kali kuanzia Januari hadi Machi, na wakakueleza sababu zake. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwaambia kwamba grafu ile hupita pia katika mwili wa mama zao. Silabasi haikunidai, nami sikujidai.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na digrii 37 za sentigredi, na hujipoza kwa njia mbili kuu: damu hukimbilia ngozini ili kulitoa joto nje, na jasho hutoka na kukauka. Mwanamke mjamzito ana kazi zaidi, kwa sababu mwili wake pamoja na wa mtoto huzalisha joto jingi kuliko kawaida. Mtoto aliye tumboni hawezi kutoa jasho likakauka, wala hapigwi na upepo. Joto lake huzidi la mama kwa takriban nusu digrii, na njia yake kuu ya kulipunguza ni kulitia katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Sasa mchukue mama huyo, umtwike mtungi ambao maji yake pekee ni kilo 20, umtoe njiani saa saba mchana wakati wa kaskazi, katika hewa iliyojaa unyevu hata jasho halikauki. Damu inaitwa ngozini. Damu inaitwa kwenye misuli ya miguu. Ile inayosalia kwenda kwenye kondo inapungua. Ikiwa hakunywa maji ya kutosha, damu yenyewe hupungua wingi wake. Na mwili uliokaukiwa na maji unaweza kuuamsha mji wa mimba ukaanza kujikaza kabla ya wakati.

Haya si maneno ya kukisia. Nchini Gambia, watafiti waliandamana na wanawake wajawazito 92 waliokuwa wakifanya kazi za shamba, wakawapima wao na mapigo ya moyo ya watoto waliokuwa tumboni, kazi ikiendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba joto lililowazunguka lilipozidi kwa digrii 1, dalili za mtoto kutaabika, yaani moyo kwenda mbio au polepole kupita kiasi, au damu kupungua katika kamba ya kitovu, ziliongezeka kwa asilimia 17. La kushangaza zaidi ni kwamba watafiti walipoondoa katika hesabu dalili za mama mwenyewe kuzidiwa na joto, sehemu kubwa ya athari hiyo ilibaki pale pale. Maana yake ni kwamba mama anaweza kujiona mzima, akaendelea kupalilia na kuimba, huku mwenziwe aliye ndani ameanza kuhangaika.

Miaka miwili kabla ya hapo, jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo BMJ lilikuwa limechapisha mapitio ya tafiti 70 kutoka nchi 27. Kwa kila digrii 1 ya joto lililoongezeka, uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya majuma 37 ulipanda kwa takriban asilimia 5, na katika vipindi vya joto kali mfululizo ulipanda kwa asilimia 16. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa akiwa amekwisha kufa nao ulipanda kwa kiasi cha asilimia 5 kwa kila digrii.

Hapa mwanafunzi mwerevu atainua mkono. Atasema: mwalimu, asilimia 5 ni kitu gani? Wanawake wangapi wamebeba maji juani na wakazaa watoto wa kilo tatu na nusu? Swali hilo ni la haki, na ndilo hoja ya mama yangu. Jibu ni kwamba takwimu hizi hazimtaji mtu. Hazisemi kwamba mama fulani akitembea juani atajifungua mapema. Zinasema kwamba ukiwakusanya akina mama elfu moja wa msimu wa baridi na elfu moja wa msimu wa joto, utawakuta watoto kadha wa kadha katika kundi la pili waliozaliwa kabla ya siku zao, ambao katika kundi la kwanza wangalisubiri. Ni yupi kati yao aliyeletwa na joto? Hakuna daktari awezaye kukuonyesha. Malaria huzaliza watoto mapema. Shinikizo la damu vilevile. Upungufu wa damu, njaa, maambukizi, mimba ya mapacha, vyote vimo. Mimi mwenyewe siwezi kuapa kwamba mwanangu alitolewa na jua la Machi. Muuguzi niliyemuuliza alitikisa kichwa na kusema hilo halijulikani.

Na hapo ndipo ilipo dhuluma ninayotaka kuieleza. Joto halina shahidi. Haliachi jeraha, halionekani katika damu ukiipima, wala haliandikwi katika cheti. Mtu akiumwa na nyoka tutamtafuta nyoka. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati na asiwepo wa kumtafuta, macho yote humgeukia yule aliyekuwa amembeba. Kisha huyo aliyekwisha kulaumiwa, akishika mimba tena, hujitahidi kuonyesha kwamba yeye si mvivu wala si mlegevu. Huchota maji zaidi, hutafuta kuni mbali zaidi, ili pasiwe na neno.

Watafiti waliofika katika kaunti yetu hii ya Kilifi kwenye mwanzo wa miaka ya 2020 waliyasikia haya kwa masikio yao. Walizungumza na wajawazito na wanyonyeshaji, na wanaume, na mama wakwe, na wahudumu wa afya. Wanawake walieleza kwamba kazi nzito haikomi kwa sababu ya mimba: maji, kuni na shamba vipo pale pale hata siku zikiwa zimekaribia, na baada ya kujifungua hawakawii kurudi kazini. Kilichonifurahisha ni kwamba watafiti hao hawakuishia kuwapa wanawake mawaidha. Waliwaendea waume na mama wakwe, wakiwa wamekwisha kuona kwamba ndani ya boma, mwenye mimba siye anayeamua nani achukue mtungi.

Naomba msomaji aniruhusu nirudi wodini. Watu wengi hawajui kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, hata akizaliwa katika joto la Kilifi, adui yake wa kwanza ni baridi. Hana mafuta chini ya ngozi. Ngozi yenyewe ni nyembamba kama utando wa kitunguu. Mwili wake ni mdogo na joto humtoka upesi kuliko awezavyo kulitengeneza. Mtoto wetu alikuwa akipoa miguu mchana wa saa nane, wakati mimi niliyekuwa nimesimama kando yake shati langu lilikuwa limelowa jasho. Yamkini joto ndilo lililomtoa, na sasa joto ndilo alilokuwa akilikosa.

Mashine ya kumtunzia joto ilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na wenzake wawili. Muuguzi akaniangalia, akasema, "Mwalimu, vua shati."

Sikumwelewa. Akarudia. Mke wangu alikuwa ameshinda na mtoto kifuani tangu alfajiri, amechoka, na alihitaji kulala. Nikavua. Nikaketi katika kiti cha plastiki, na mtoto akawekwa juu ya kifua changu akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi, kisha tukafungwa pamoja kwa leso ya mke wangu. Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya vijiji vyetu. Ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari aitwaye Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na watoto wengi wasiotimia na mashine chache za kuwawekea. Tangu hapo imepimwa mara nyingi, na imethibitika kwamba huokoa maisha. Kifua cha mtu mzima kina joto lisilohitaji umeme, na mtoto akisikia mapigo ya moyo hupumua kwa utulivu zaidi.

Nilikaa hivyo saa nne siku ya kwanza. Mwanamume mmoja aliyekuja kumwona dada yake alisimama mlangoni, akanitazama nimefungwa leso yenye maua mekundu, akacheka hata akashika ukuta. Nilingoja ile aibu niliyokuwa nikiiogopa miaka yote. Haikuja. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mtu wa kilo moja na nusu, na sikuwa na nafasi ya jambo jingine.

Tulipotoka hospitali baada ya majuma matatu na nusu, joto lilitufuata nyumbani kwa njia nyingine. Mama yangu alitaka mtoto apewe maji. Alikuwa na hoja: mtoto anatoa jasho, midomo imekauka, nani asiyeona kiu? Nilimweleza, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na kwamba mtoto wa chini ya miezi sita akinyonyeshwa mara kwa mara hahitaji jingine, hata Machi, hata Lodwar. Maji yetu ya mtungi, ambayo sisi wenyewe yalikuwa yakituumiza matumbo, yangaliweza kumwua. Anayehitaji maji ni mama anyonyeshaye. Basi wazee wetu wanapotaka kumpa mtoto kikombe cha maji, wampe mamake. Mama yangu alifikiri kwa muda, kisha akasema hilo halina ubaya, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akisimama na kikombe mpaka mkaza mwana wake akimalize.

Isidhaniwe kwamba joto hutembea peke yake. Mwaka ule wa 2022 ulikuwa katikati ya ukame ambao wazee wa huku hawakuwa na mfano wake. Tangu vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Mifugo ilikufa, na maziwa yakafa nayo. Wanawake wengi waliokuwa na mimba katika kipindi hicho walibeba mambo mawili kwa mpigo, jua kichwani na njaa tumboni, na mtoto anayekosa chakula akiwa tumboni huzaliwa mdogo hata akitimiza siku zake. Mwaka 2023 wanasayansi wa hali ya anga walipiga hesabu, wakakata kauli kwamba ukame kama ule umefanywa uwe rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi kwa sababu ya dunia kupashwa joto na moshi wa viwanda na magari. Viwanda hivyo si vya Ganze. Mwanamke anayelaumiwa kwa kulea mimba vibaya hana hata jiko la gesi.

Mvua nayo ikija kwa wingi kupita kiasi haimhurumii mjamzito. Walimu wa rika langu wanakumbuka El Niño ya mwaka 1997 na 1998: barabara zilikatika, na mbu wakazaliana hata katika nchi kame kama Wajir, ambako malaria ililipuka na kuua watu wengi. Vijidudu vya malaria vina hila moja dhidi ya mimba: hujificha katika kondo la nyuma, vikaziba njia ya chakula, na mtoto akazaliwa chini ya kilo mbili na nusu. Katika mafuriko ya Machi hadi Mei mwaka 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, palikuwa pia na wajawazito ambao maji yaliwatenga na kliniki. Hao hawamo katika hesabu ya waliokufa maji.

Hata baridi ina yake. Januari ile ile ya mwaka 1998, sisi tulipokuwa tukipiga mbizi katika El Niño, huko Quebec nchini Kanada ilinyesha mvua iliyokuwa ikiganda kuwa barafu kila ilipogusa. Nguzo za umeme zilianguka, na zaidi ya watu milioni tatu walikaa bila umeme, wengine kwa zaidi ya mwezi, katikati ya kipupwe. Watafiti waliwafuatilia wanawake waliokuwa na mimba wakati huo pamoja na watoto wao kwa miaka mingi. Watoto ambao mama zao walipata shida zaidi walikuwa, kwa wastani, nyuma kidogo katika lugha na akili walipofikia umri wa miaka miwili. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaosema kwamba udhaifu ni wa wanawake wa Kiafrika.

Mwaka uliofuata niliamua kulifundisha jambo hili. Nilichora grafu ya joto la pwani kama kawaida, kisha chini yake nikachora miezi tisa ya mimba, nikawaambia wanafunzi wa Kidato cha Tatu waisogeze mbele na nyuma, waone ni mama wa mwezi gani atakayeangukiwa na kaskazi katika miezi yake ya mwisho. Darasa lilikuwa kimya. Sisi walimu tunakijua kimya cha watu wasioelewa. Hiki hakikuwa hicho. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma akauliza: "Mwalimu, na yule mama anayeleta maji ya chai ya walimu?"

Sikuwa na jibu. Shule yetu ilikuwa ikiwalipa wanawake watatu kwa kila mtungi. Maji yalifika kati ya saa nne na saa saba, na kwa kuwa malipo yalikuwa kwa mtungi, hapana aliyependa kuchukua mmoja akarudi nyumbani. Mmoja wao alikuwa mjamzito, naye tumbo lake lilikuwa limekwisha kuonekana na kila mtu. Nilikuwa nimekunywa chai ya maji yake muhula mzima. Nilikuwa nimekunywa chai hiyo asubuhi ile ile, nikiipitia grafu yangu.

Nililipeleka shauri hilo katika mkutano wa walimu. Halikupita kwa urahisi. Mmoja aliuliza kama sasa tutaanza kuwaachisha watu kazi kwa sababu ya mimba, na swali lake lilikuwa na uzito, maana mama yule alihitaji zile fedha kuliko sisi tulivyohitaji chai. Tulibishana hadi jioni. Mwishowe tulikubaliana kukodi mkokoteni wa punda, na yule mama akapewa kazi ya jikoni, kivulini, kwa malipo yale yale. Alijifungua mwezi wa Mei, mtoto wa kike, siku zake zikiwa zimetimia.

Mwanangu ameingia chekechea. Ni mwembamba, anapenda kubishana, na ana kikohozi ambacho daktari anasema tukiangalie. Maji ya nyumbani nayaleta mimi kwa baiskeli, saa kumi na moja alfajiri, mitungi miwili. Maji ya shule huletwa na punda kabla ya kengele ya kwanza. Siku ambazo punda amegoma, chai ya walimu huchelewa, na wako wanaonung'unika.